UKIONA VYAELEA, VIMEUNDWA: TUNUNUE AU TUJIUNDIE TARAKILISHI YA MICHEZO?

Wahenga walinena kuwa ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii ni ya watu wa vyombo vya bahari, lakini inamfaa vilevile mwanafunzi asimamaye mbele ya kioo cha duka katika Moi Avenue jijini Nairobi, akiikodolea macho tarakilishi ya michezo iwakayo taa za rangi rangi. Chombo kinaelea, naam. Lakini kimeundwa kwa mbao gani? Na je, yeye mwenye vijisenti vya kuhesabu akinunue kilivyo, au ajiundie chake?

Wapo wanaoshikilia kwamba busara ni kununua iliyo tayari. Hoja zao si hafifu. Kwanza, tarakilishi hiyo ina dhamana moja: ikikorofika, mnunuzi huirudisha nzima dukani badala ya kuzozana na wauzaji watano wa vipuri vitano. Pili, anayeunda mwenyewe hununua kipuri kimoja kimoja kwa bei ya rejareja, ilhali kampuni kubwa hununua kwa maelfu. Tofauti hii huuma zaidi wakati wa uhaba. Mwishoni mwa mwaka wa 2025 bei ya kumbukumbu ilipanda mno kwa sababu watengenezaji walielekeza bidhaa zao kwenye vituo vya akili mnemba. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial iliyowauzia watu wa kawaida.

Hata hivyo, sharti tujiulize muuzaji wa bei nafuu hubana wapi gharama zake. Tangazo lake hutaja kichakataji na ukubwa wa kumbukumbu kwa herufi kubwa, kisha likanyamaza kuhusu bodi kuu na kifaa cha kugawa umeme. Mwenzangu mmoja alitumia sehemu kubwa ya mkopo wake wa masomo kununua tarakilishi ya aina hiyo. Kabla ya muhula kwisha, stima ilipotea, ikarejea kwa kishindo, na tarakilishi ikazima isiwake tena. Tulipoifungua tulikuta kifaa cha umeme chepesi kama kopo tupu, kisicho na jina la mtengenezaji, kimeungua na kuiunguza bodi kuu pamoja nacho. Muuzaji alisema dhamana yake haihusu hitilafu za umeme. Mwenzetu alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na tasnifu yake akaimalizia katika chumba cha tarakilishi cha maktaba, akipanga foleni.

Kuna njia ya tatu ipendwayo na wengi: kununua tarakilishi ya ofisi iliyokwisha kutumika ng'ambo, kama vile Dell OptiPlex au HP EliteDesk, kisha kuipachika kadi ya grafiki. Njia hii ni rahisi kuliko zote. Tundu la kadi katika bodi hutoa umeme usiozidi wati 75, na zipo kadi, mathalani baadhi ya zile za GTX 1650, zinazotosheka na kiasi hicho bila waya wa ziada. Lakini ni njia yenye ukuta mwishoni. Aghalabu bodi na kifaa cha umeme cha tarakilishi hizo huwa na umbo la mtengenezaji mwenyewe, hivyo havibadilishwi kwa vile vya kawaida. Isitoshe, vingi vya vichakataji vya Intel vilivyotangulia kizazi cha nane havimo katika orodha rasmi ya Windows 11, nayo Windows 10 ilifikia kikomo cha huduma tarehe 14 Oktoba 2025.

Msimamo wangu basi ni huu: mwanafunzi na ajiundie, ila kwa awamu. Haba na haba hujaza kibaba. Kichakataji kama Ryzen 5 5600G cha mwaka wa 2021 kina grafiki ndani yake. Humwezesha mtu kucheza michezo myepesi bila kadi yoyote. Na aanze nacho, pamoja na bodi iliyothibitishwa kukikubali, vijiti viwili vya kumbukumbu vya gigabaiti 8 kila kimoja, na kifaa cha umeme cha kuaminika. Vijiti viwe viwili kwa kuwa grafiki hiyo huitegemea kumbukumbu ya tarakilishi, na njia mbili hupitisha data haraka kuliko moja. Kadi ya grafiki itafuata mwaka ujao, mfuko ukiruhusu. Akiichukua iliyotumika, aione ikifanya kazi kwa muda wa kutosha kabla ya kulipa, maana kadi nyingi zilizochosha mitambo ya sarafu za kidijitali ziliingia sokoni baada ya Ethereum kuacha mfumo huo Septemba 2022.

Faida kuu ya njia hii, kwa maoni yangu, si shilingi zitakazookolewa; pengine zisiokolewe nyingi. Faida ni kwamba mwenye kuunda hukijua kila kipuri kwa jina na kazi yake. Kikiharibika kimoja, hubadilisha hicho kimoja. Hatupi chombo kizima wala hamsujudii fundi.

Kwa yule asiye na wasaa wala hamu ya kushika bisibisi, simlaumu. Anunue, lakini kwanza amwombe muuzaji afungue kasha, asome jina lililoandikwa kwenye kifaa cha umeme, na apewe masharti ya dhamana kwa maandishi. Muuzaji akikataa kufungua, ashike njia aende duka jingine. Mwenye macho haambiwi tazama.