Mawaziri sita wa kilimo ndani ya miaka kumi: Mkulima wa Lushoto amuulize nani?

Novemba 2025, baada ya Uchaguzi Mkuu, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza baraza jipya la mawaziri. Wizara ya Kilimo akapewa Daniel Chongolo, kuchukua nafasi ya Hussein Bashe. Huko Lushoto, Soni, Mlalo na Bumbuli, watu wanaoishi kwa kabichi, karoti, viazi, peasi na plamu walikuwa na swali moja: je, huyu atatusaidia?

Swali hilo ni la haki. Lakini ukiangalia historia ya kiti hicho, utaona kuna swali jingine linalotangulia: mambo gani hasa yamo mikononi mwa Waziri wa Kilimo, na yapi hayamo? Tusipolijua hilo, tutaendelea kumlaumu mtu mmoja kwa makosa ya wanne, na wale wanne watalala usingizi bila kuulizwa.

Kabla ya kuwapo waziri

Milima ya Usambara ilikuwa na utaratibu wa kumwajibisha kiongozi juu ya chakula zamani sana kabla ya wizara. Wafalme wa Kilindi waliotawala kutoka Vugha walipimwa kwa hali ya ardhi. Wasambaa walikuwa na maneno mawili kwa jambo hilo: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mvua ikinyesha na mazao yakistawi, mfalme ameiponya nchi. Njaa ikija, lawama ni zake. Sisi Waislamu tunajua mvua ni ya Allah peke yake na hakuna mfalme anayeiteremsha. Lakini lile wazo kwamba mtawala ataulizwa juu ya njaa ya watu wake ni wazo zito, na dini yetu inalijua vizuri.

Wajerumani walipokuja, kilimo kikawa ni cha shamba kubwa na cha utafiti. Mwaka 1902 walifungua kituo cha utafiti wa kilimo Amani, Usambara Mashariki. Waingereza wakafuata na Idara ya Kilimo, iliyokuwa chini ya Mkurugenzi anayewajibika kwa Gavana. Mkulima hakuwa na njia ya kumuuliza wala kumwondoa.

Tunda la utaratibu huo lilionekana kwenye mpango wa matuta. Ulianza mwaka 1946 katika bonde la Mlalo, kisha ukaenezwa sehemu nyingine za Usambara. Nia iliyoelezwa ilikuwa njema: kuzuia mmomonyoko wa udongo kwenye miteremko. Lakini uliletwa kwa amri. Asiyelima matuta alipelekwa barazani na kutozwa faini, na mzigo mkubwa wa jembe uliwaangukia wanawake, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakilima mazao ya chakula. Watu walipinga kwa miaka, na upinzani huo ukaipa TANU nguvu kubwa milimani. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ikauacha mpango huo.

Tuzingatie jambo hili. Udongo wa Usambara kweli ulikuwa unachukuliwa na maji, na hadi leo unachukuliwa. Kilichokosekana ni mashauriano. Mradi wa kuhifadhi udongo na kupanda miti ulioanza Lushoto mwaka 1981 kwa msaada wa Ujerumani ulirudi kwenye tatizo lile lile, kwa mistari ya majani ya malisho, miti na mafunzo kwa wakulima. Mistari ya majani na miti kwenye kingo za mashamba bado unaiona unapopita. Jambo la kheri linalolazimishwa huchukiwa, na likishauriwa hupata wenyewe.

Kiti chapata mwenyewe, kisha chagawanywa

Tanganyika ilipokaribia uhuru, kilimo kilipata waziri wa kisiasa kwa maana kamili: mtu anayeweza kuulizwa bungeni. Paul Bomani, aliyekuzwa na vyama vya ushirika vya wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, alishika nafasi hiyo, na baada yake Derek Bryceson, mkulima wa asili ya Uingereza aliyekuwa mwanachama wa TANU. Hao walikuwa watu wa kilimo kabla ya kuwa mawaziri wa kilimo.

Baada ya Muungano wa 1964, kilimo hakikuwekwa miongoni mwa mambo ya Muungano. Ndiyo maana hadi leo Zanzibar ina waziri wake wa kilimo, na waziri wa Dodoma anahusika na Tanzania Bara tu.

Mwaka 1972 yalitokea mambo mawili makubwa. TANU ilitoa Azimio la Iringa, Siasa ni Kilimo. Na serikali ikaanzisha Madaraka Mikoani, ambapo watumishi wengi wa kilimo walitolewa chini ya wizara na kuwekwa chini ya wakurugenzi wa mikoa na wilaya. Kwa hiyo mwaka ule ule kilimo kilipotangazwa kuwa ndiyo siasa yenyewe, waziri wake alipunguziwa mikono. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na kazi yao kupewa mamlaka za mazao. Sheria ya 1982 ikavirudisha. Mwaka huo huo serikali za mitaa nazo zikarudishwa kwa sheria, na baadaye bwana shamba akawa mtumishi wa halmashauri.

Jina la wizara nalo halikutulia. Imewahi kuwa ya Kilimo na Ushirika, ya Kilimo na Chakula, ya Kilimo, Chakula na Ushirika, ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, na tangu Oktoba 2017 ni Wizara ya Kilimo.

Wenye kiti wamebadilika haraka zaidi. Kuanzia Desemba 2015 hadi Novemba 2025 wameketi Mwigulu Nchemba, Charles Tizeba, Japhet Hasunga, Adolf Mkenda, Hussein Bashe na sasa Daniel Chongolo. Nchemba, ambaye leo ni Waziri Mkuu, alikaa miezi kama sita tu. Tizeba aliondolewa Novemba 2018 katikati ya mgogoro wa bei ya korosho. Aliyekaa muda mrefu kuliko wenzake ni Bashe, karibu miaka minne. Katika kipindi chake bajeti ya wizara ilipanda kutoka takriban shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka uliofuata, na ruzuku ya mbolea ikaanza mwaka 2022. Mtu anaweza kuwa na maoni yake juu ya matumizi ya fedha hizo, lakini aliyekaa angalau ana kazi ya kupimwa nayo.

Kilichobaki mkononi mwa waziri

Sasa tuje kwa mkulima wa Lushoto, na tuhesabu matatizo yake moja moja.

Bwana shamba haonekani kijijini? Huyo ni mtumishi wa halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI. Aprili 2022 maafisa ugani waligawiwa pikipiki kupitia Wizara ya Kilimo, lakini anayempangia kazi na kumsimamia kila siku ni mkurugenzi wa halmashauri.

Barabara ya kijiji imekatika wakati wa masika na kabichi zinaozea shambani? Hiyo ni ya TARURA, nayo iko TAMISEMI.

Gunia la viazi limejazwa lumbesa? Hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo, ulio chini ya wizara ya viwanda na biashara. Sheria ya Vipimo hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100.

Pembejeo, mbolea ya ruzuku, utafiti wa mbegu, umwagiliaji na bodi za mazao? Hayo ndiyo ya Waziri wa Kilimo. Na hapa Lushoto ina hoja yake. Kahawa, chai, pamba, korosho na tumbaku zina bodi zake. Mboga na matunda, ambayo ndiyo riziki ya wengi katika wilaya iliyohesabiwa watu zaidi ya 490,000 mwaka 2012, hayana bodi ya namna hiyo. Hilo ni swali la kumpelekea waziri mpya, na hawezi kusema si lake.

Somo la Nabii Yusuf

Qur'ani imetupa kisa cha mtu aliyeomba mwenyewe kusimamia hazina za nchi. Nabii Yusuf (alayhis-salaam) alipoiomba kazi hiyo kwa mfalme wa Misri hakutaja ukoo wala chama. Alitaja sifa mbili: kwamba yeye ni mwenye kuhifadhi, na ni mwenye kujua. Uaminifu bila elimu huleta matuta ya 1946. Elimu bila uaminifu tunaijua sote.

Kuna jambo la tatu katika kisa hicho. Mpango wa Yusuf ulikuwa wa miaka saba ya kuvuna na kuweka akiba, kisha miaka saba ya ukame. Ni miaka kumi na minne. Hauwezi kutekelezwa na mtu anayebadilishwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili. Peasi yenyewe huchukua miaka kadhaa kuanza kuzaa. Mawaziri wetu wengine wameondoka kabla ya mche uliopandwa siku ya kuapishwa kwao kutoa tunda.

Na sisi je?

Tusimalize kwa kuwaonyesha vidole viongozi tu. Lumbesa haifungwi na waziri. Inafungwa na dalali, mchuuzi na mpakiaji, na wengi wao tunaswali nao safu moja. Allah ameteremsha sura nzima, Al-Mutaffifin, kuwaonya wanaotimiza kipimo wanapojipimia na kupunguza wanapowapimia wengine. Anayemlazimisha mkulima ajaze kilembe juu ya gunia kwa bei ya gunia moja anakula jasho la mtu, hata kama soko zima limezoea.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, wakulima wakubaliane kijiji kwa kijiji kuuza kwa mizani, maana mmoja akikataa lumbesa peke yake, dalali huhamia kwa jirani. Pili, maswali yapelekwe mahali pake: ya bwana shamba na barabara kwa diwani na baraza la halmashauri, ya kipimo kwa Wakala wa Vipimo, ya mboga na matunda kwa mbunge ayafikishe kwa waziri. Tatu, maimamu walizungumzie suala la vipimo kwenye khutba, hasa siku zinazotangulia magulio, wakati dalali na mkulima wote wapo msikitini.

Kila mmoja wetu ni mchunga na ataulizwa alichokichunga. Waziri ana sehemu yake, mkurugenzi yake, na mwenye mizani yake. Tunamwomba Allah awape viongozi wetu elimu na uaminifu, na aibariki ardhi ya Usambara na wanaoilima. Amin.