Ndiyo Iliyotiwa Sahihi



Katika Injili ya Mathayo, Bwana wetu anatusimulia habari za wana wawili walioagizwa na baba yao kwenda kufanya kazi shambani. Mmoja alikataa, kisha akajirudi, akaenda. Wa pili aliitika kwa adabu nyingi, wala shambani hakuonekana. Tumeutafakari mfano huu mara nyingi tangu mwaka 2025, mgomo wa wahadhiri ulipositisha masomo katika vyuo vikuu vya umma nchini Kenya kwa siku 49, kuanzia tarehe 17 Septemba hadi tarehe 5 Novemba.

Siku zile wazazi walitujia mmoja mmoja baada ya Misa. Mama mmoja alituletea nia ya maombi: tuwaombee wahadhiri waingiwe na huruma. Alikuwa amempangia binti yake chumba karibu na chuo. Chumba kimefungwa, binti yuko nyumbani, na mwenye nyumba anadai kodi yake kama kawaida. Hatukuweza kumlaumu mama huyo. Hata hivyo nia yake ilitusumbua, kwa kuwa ilimtafuta mkosaji mahali asipokuwa.

Kilichogombaniwa hakikuwa nyongeza mpya. Yalikuwa malimbikizo, shilingi bilioni 7.9 kwa hesabu ya chama cha wahadhiri, UASU, kutokana na mkataba wa pamoja wa mwaka 2017 hadi 2021. Mtoto aliyekuwa darasa la sita mkataba huo ulipoanza kuhesabiwa ndiye aliyekuta ukumbi wa mihadhara umefungwa akiwa mwaka wa pili chuoni. Mazungumzo ya mkataba huo yalikwisha kugharimu mgomo wa mwaka 2018, ulioanza mwezi Machi na kupita miezi miwili. Yalipita mbele ya Tume ya Mishahara na Marupurupu, yakafika hata mahakamani. Mwaka 2024 wahadhiri waligoma mara mbili, na mara ya pili ilikuwa kwa sababu mapatano ya mara ya kwanza hayakutekelezwa. Basi tuulize bila woga: katika mfano ule, ni nani aliyeitika kisha asiende?

Wapo wanaotuambia kwamba kasisi hapaswi kuingilia mambo ya mishahara. Papa Leo XIII aliyaingilia mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum, na Papa Leo XIV, alipochaguliwa mwaka 2025, alieleza kuwa alilichukua jina hilo hasa kwa sababu ya mtangulizi huyo. Papa Yohane Paulo II naye, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alikubali kwamba mgomo ni njia halali, ila iwe ya mwisho. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 41, inampa mfanyakazi haki ya ujira wa haki, ya kujiunga na chama na ya kugoma. Anayegoma ili alipwe kilichokwisha kuahidiwa kwa maandishi, na aliyengoja miaka, hakukimbilia njia ya mwisho.

Lipo jambo jingine lisilosemwa sana barabarani. Katika baadhi ya vyuo, mhadhiri hukatwa pesa za Sacco na za pensheni, hati ya mshahara ikionyesha kwamba zimekatwa, lakini chuo hakizifikishi zinakopaswa kwenda. Mtu anaambiwa hana haki ya mkopo kwa sababu hajaweka akiba, ilhali akiba imetoka mfukoni mwake. Sisi tulijifunza seminarini kuliita tendo la namna hiyo kwa jina lake, na Mtakatifu Yakobo alikwisha kulisema katika sura ya tano ya waraka wake.

Hata hivyo hatuwezi kuwaacha wahadhiri waende zao wakiwa safi kama theluji. Kila mahafali, wapo vijana wasiosomwa majina kwa sababu alama za somo moja hazionekani. Mtihani walifanya; karatasi iko wapi, hakuna ajuaye. Mara nyingine mwenye alama ni mhadhiri wa muda, aliyefundisha mihula miwili bila kulipwa hata senti, naye amezishikilia kwa kuwa ndiyo silaha pekee aliyo nayo. Mara nyingine ni uzembe tu wa mwenye ajira ya kudumu. Tunatamani kuona mambo haya mawili, ujira wa mhadhiri wa muda na alama za mwanafunzi, yakipewa mezani uzito uleule wa marupurupu ya nyumba. Chama kikiwasemea tu wenye kiti, aliyesimama mlangoni atasemewa na nani?

Na sisi makasisi tusijitoe. Parokiani kwetu posho ya makatekista imewahi kuchelewa miezi mitatu, nasi tuliwaambia wavumilie kwa ajili ya Bwana. Hatukuwaambia kwamba katika miezi hiyohiyo tulinunua spika mpya za kanisa.

Mgomo wa mwaka 2025 ulimalizika kwa mkataba mwingine wa kurejea kazini: deni lilipwe kwa awamu mbili, ya pili ikiwekwa mwezi Julai 2026. Ni ndiyo nyingine, nayo imetiwa sahihi.

Nia ya mama yule tuliisoma Jumapili iliyofuata. Tuliwaombea wahadhiri huruma, kama alivyotaka, kisha tukawataja waliotia sahihi mikataba, wahasibu wa vyuo, na halmashauri ya parokia pamoja na paroko wake. Mama aliitikia pamoja na wengine. Makatekista, tuliona, waliitikia kwa sauti kubwa zaidi.