Maumivu ya Kiuno Nakivale: Kulala Si Tiba
Safu ya Afya na Jamii, na Byamungu Amisi

Maumivu ya kiuno, yaani yale yanayoshika kati ya mbavu za mwisho na makalio, huhesabiwa na Shirika la Afya Duniani kuwa sababu kuu ya ulemavu ulimwenguni, na mwaka 2020 yaliwasumbua watu wapatao milioni 619. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, Uganda, mkulima huinamia jembe la mkono tangu alfajiri, kisha hubeba jerikeni ya lita 20 za maji, ambazo ni kilo 20, hadi nyumbani.

Kwa wagonjwa walio wengi hakupatikani jeraha wala ugonjwa mahususi wa kuyaeleza maumivu hayo, na ndiyo maana picha ya eksirei inayofuatwa Mbarara kwa nauli ya kukopa mara nyingi haibadilishi matibabu. Kulala siku nyingi hudhoofisha misuli inayoushikilia uti wa mgongo, na mwongozo ambao Shirika hilo lilitoa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu, yaani yanayozidi miezi mitatu, unapendekeza mazoezi na haupendekezi mikanda ya kiuno itumiwe kama tiba ya kawaida.

Mazoezi yenyewe huhitaji mkeka tu. Mtu hulala chali, magoti yakiwa yamekunjwa na nyayo zikikanyaga chini, akakaza tumbo hadi kiuno kigandamane na mkeka, akahesabu hadi tano na kulegeza. Kisha huvuta goti moja kifuani kwa mikono, halafu la pili, na mwisho huinua makalio hadi mapaja na kiwiliwili vinyooke, kwa kuwa misuli ya makalio ikipata nguvu hukipunguzia kiuno mzigo. Yote hufanywa polepole bila kuzuia pumzi, na zoezi linalosukuma maumivu yateremke mguuni huachwa.

Mkulima asiye na nafasi ya kulala mkekani naye ana lake: kila amalizapo mstari, asimame, aweke viganja kiunoni na kujinyoosha kwa nyuma mara chache. Maji nayo ni heri yabebwe lita 10 kila mkono, hata ikibidi kununua jerikeni mbili ndogo.

Hata hivyo, anayekufa ganzi sehemu za siri, anayeshindwa kuzuia mkojo au ambaye miguu inamlegea anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo. Na homa za usiku pamoja na kukonda huweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho hutibiwa kwa dawa, si kwa mazoezi.

Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara hufundisha wataalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi. Chuo hicho na wasimamizi wa vituo vya afya vya Nakivale wanaombwa wawapeleke wanafunzi hao makazini, wakafundishe kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kisomali, pale pale watu wanapopanga foleni ya maji.