Kabla ya kuchagua tangi, tuulize litabeba nini

Viwanda vya kusindika mazao haviendi bila matangi makubwa. Kiwanda cha sukari kina molasi yake, kiwanda cha maziwa kina maji ya kuoshea mitambo, shamba la mkonge lina mabaki yanayotiririka kutoka kwenye korona kutwa nzima, na mtambo wa kumenya kahawa una maji ya utelezi yanayochacha kwa haraka. Hata hivyo, linapofika suala la kujenga tangi, swali linaloulizwa kwanza huwa ni moja: zege au chuma, na kipi ni nafuu?

Tunaamini swali hilo limewekwa mbele mahali pasipo pake. Linalotakiwa kutangulia ni hili: tangi litabeba nini, na litasimama kwenye ardhi gani?

Tuanze na uzito. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja. Tangi la duara lenye kipenyo cha mita 15, likijazwa maji kwa kina cha mita 5, hubeba tani zipatazo 880. Kwa hesabu ya kawaida ya wahandisi, msukumo wa maji hayo huuvuta ukuta karibu na sakafu kwa nguvu ya takriban tani 37 kwa kila mita moja ya kimo. Chuma hustahimili mvuto wa namna hiyo. Zege huvumilia sana kugandamizwa, lakini ikivutwa, uwezo wake hushuka hadi kiasi cha sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo hata katika tangi la zege, kazi ya kuzuia maji yasipasue ukuta hufanywa na nondo zilizomo ndani.

Zege ina sifa zake na hatuna sababu ya kuzibeza. Saruji inazalishwa hapa nchini, Wazo, Tanga na Mbeya, na mafundi wapo. Tangi la zege linaweza kufukiwa ardhini, haliogopi moto wala upepo, na likihifadhi maji safi hudumu miaka mingi bila kupakwa rangi. Saruji yenyewe huzilinda nondo zisishikwe na kutu.

Adui mkubwa wa zege ni tindikali. Maziwa yaliyochacha, maji ya kahawa na mabaki ya mkonge yote huwa na tindikali inayokula saruji kidogo kidogo. Hatari zaidi iko juu ya maji, mahali ambapo jicho halifiki. Majitaka yasiyopata hewa hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Penye hewa kidogo juu yake, bakteria huigeuza gesi hiyo kuwa tindikali ya salfa kwenye ukuta na dari. Huko pwani huongezeka chumvi, hasa pale mkandarasi anapotumia mchanga wa baharini usiooshwa. Chumvi ikifika kwenye nondo, kutu huanza. Kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, huisukuma zege mpaka inapasuka.

Upande wa pili lipo tangi la mabati mazito yaliyofungwa kwa bolti, yakiwa yamepakwa epoksi au enameli. Enameli ni kioo kinachoyeyushwa juu ya chuma kwa joto linalozidi nyuzi 800, kama ilivyo kwenye bakuli na birika tunazozifahamu majumbani. Kwa kuwa kazi hiyo hufanyika kiwandani, mvua au tope la eneo la ujenzi haviwezi kuiharibu. Tangi hufungwa kwa wiki chache, wakati zege huhitaji siku 28 ili kufikia nguvu iliyokusudiwa. Kiwanda kikihama, tangi la bolti linaweza kufunguliwa na kuhamishwa.

Hilo nalo lina madhaifu yake. Mabati hayo huagizwa kwa fedha za kigeni. Kioo kikigongwa hubanduka, na fundi akitoboa tundu jipya papo hapo atakuwa amefungulia kutu mlango. Mpira wa kuziba maungio huzeeka. Soda kali ya moto inayotumika kuoshea mitambo ya maziwa huweza kuila hata enameli. Na hata tangi la chuma husimama juu ya msingi wa zege. Msingi ukizama upande mmoja, ubora wa bati hautasaidia.

Msimamo wetu ni huu. Kwa maji safi, akiba ya maji ya kuzimia moto na matangi ya kufukiwa, zege ibaki chaguo la kwanza. Kwa mabaki yenye tindikali na mitambo ya gesi, chuma kilichopakwa vizuri kipewe nafasi. Atakayetaka zege hapo aweke gharama ya kuikinga kwa ndani katika bei tangu mwanzo, asisubiri ukuta uanze kumung'unyuka.

Mfano wa Hale, mkoani Tanga, ambako mwishoni mwa miaka ya 2000 mabaki ya mkonge yalianza kuzalisha umeme, umeonyesha kuwa majitaka ni mali. Tangi linalovuja hapo hupoteza nishati na kuchafua mto kwa wakati mmoja, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inamtaka mchafuzi alipe.

Kwa hiyo zabuni zieleze ukali wa tindikali, joto la kinachohifadhiwa na matokeo ya kupima udongo. Wazabuni walinganishwe kwa gharama ya miaka 20 au 30, ikiwamo ukaguzi, matengenezo na siku ambazo kiwanda kitasimama. Kabla ya malipo ya mwisho, tangi lijazwe maji na kuangaliwa kwa siku kadhaa, na rangi ya chuma ipimwe kwa kifaa cha umeme kinachobaini matundu yasiyoonekana kwa macho. Kazi yote isimamiwe na mhandisi aliyesajiliwa.

Vyama vya ushirika vinahusika zaidi, maana mikopo yao hulipwa na mavuno. Kahawa mbivu inatakiwa kumenywa siku ile ile iliyochumwa. Tangi likipasuka katikati ya msimu, mkulima aliyebeba gunia lake kutoka mlimani ndiye atakayerudi nalo, na benki haitasogeza tarehe kwa sababu ya ufa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa matangi, ufa huo huzibwa mapema zaidi, siku zabuni inapoandikwa.