"Mtoto Huyu Kabemendwa"



Mwezi huu tunazungumzia neno ambalo kliniki halisemwi kwa sauti. Hunong'onwa kwenye foleni ya mzani, mama mmoja akimwonyesha mwenzake kwa kidevu: "Yule kabemendwa." Maana yake twaijua. Mtoto amedhoofu, amechelewa kutembea, nywele zimekuwa nyepesi. Basi wazazi wamekutana kimwili kabla hajaacha ziwa, au mmoja ametoka nje ya ndoa, na uchafu umeingia katika maziwa.

Sisi tulifundishwa hivyo na bibi yetu mzaa mama. Ndiye huyo huyo aliyetufundisha kupiga magoti na kusali kabla ya kulala, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kumshuku. Tukaenda chuo cha uuguzi, tukafaulu mtihani wa lishe, tukavaa gauni jeupe, na neno la bibi likabaki palepale. Diploma haifuti kila kitu.

Mwaka wetu wa kwanza kazini aliletwa mtoto wa miezi 14, miguu imevimba, ngozi inabambuka. Mama mkwe akasimama mlangoni akasema, "Nesi, muulize mwenyewe alichokifanya." Binti yule akainamisha kichwa. Nasi, tunaona haya kuandika, tulimtazama kama mshitakiwa. Kumbe alikaa nyumbani wiki tatu akiogopa kuja, kwa kuwa alijua atakaloulizwa. Jioni alitueleza kwamba alipogundua ana mimba alimwachisha mtoto ziwa siku moja, akawa anampa uji mweupe wa mahindi, na mchana ugali na mchuzi kidogo. Jibu lilikuwa hapo, wala hatukuhitaji kujua habari za chumbani mwake.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ambayo sasa ni Ghana, aliandika habari za ugonjwa huu mwaka 1933, na mwaka 1935 akautaja kwa jina la lugha ya Kiga, kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto anayepoteza ziwa mdogo wake anapokuja. Sisi twauita unyafuzi. Basi kule na huku akina mama waliona jambo la kweli, kwamba mimba ikifuatana upesi mno mtoto wa kwanza huumia. Waliloliona ni sawa. Sababu iliyotajwa huku kwetu ndiyo yenye kosa. Maziwa hutengenezwa ndani ya titi kutokana na damu ya mama, na hakuna njia ya kitu cha tumbo la uzazi kupanda mpaka huko. Mtoto hudhoofu kwa chakula pungufu, kuharisha, kifua kikuu, na mara nyingine virusi vya UKIMWI.

Wanafunzi wa Yesu nao walikuwa na fundisho la namna hii. Katika Yohana 9 walimwona kipofu tangu kuzaliwa, wakauliza nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana alikataa yote mawili, kisha akamhudumia yule mtu. Tumesoma sura hiyo mara nyingi kwenye vipindi vya akina mama, na bado hatukuwahi kuipeleka kwenye foleni ya mzani. Na wale wa Beroya, Matendo 17, walichunguza Maandiko kila siku waone kama aliyosema Paulo ndivyo yalivyo, nao wakasifiwa. Kama Paulo alichunguzwa, bibi yetu hatavunjiwa heshima akichunguzwa.

Imani hii imeumiza ndoa pia. Mke anahama chumba miaka miwili, mume anazunguka mitaani, na ugonjwa unarudi nyumbani. Paulo aliwaambia wanandoa wasinyimane ila kwa kupatana, tena kwa muda (1 Wakorintho 7). Kupanga uzazi ni jambo jingine, na ni jema: baada ya kujifungua ngoja angalau miezi 24 kabla ya kutafuta mimba nyingine, na nesi atakueleza njia. Nyonyesha mpaka miaka miwili au zaidi, na tangu miezi sita ongeza vyakula vya kujenga mwili: maharage, mayai, dagaa, karanga zilizosagwa katika uji. Mimba ikitokea, mama mwenye afya njema kwa kawaida anaweza kuendelea kunyonyesha, aulize kliniki.

Bonyeza miguu yote miwili ya mtoto kwa kidole gumba. Shimo likibaki, au utepe wa mkono ukionyesha chini ya sentimita 11.5, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mama mkwe amesimama mlangoni.

Yule mtoto alipona. Tulimwomba mama yake msamaha, akacheka tu.

Bibi tulimweleza haya mwaka mmoja kabla hajafariki. Tulitazamia akemee. Alinyamaza muda mrefu, akishika ncha ya kanga yake, halafu akauliza habari za mtoto wake wa tatu, aliyemzika kabla mama yetu hajazaliwa na ambaye watu walisema ni yeye aliyembemenda. "Kwa hiyo," alisema, "si mimi niliyemuua?"

Tukamwambia, "Si wewe, bibi."