Waridi na Julai ya Mbalizi

Kuna mshikaji wangu mmoja wa Dar aliwahi kushuka kwenye basi hapa Mbalizi usiku wa mwezi wa saba, amevaa fulana na kandambili. Siku ya kurudi kwao alikuwa ndani ya makoti mawili, moja langu, na mpaka leo hajalirudisha. Wiki hii nataka kuiongelea baridi hiyohiyo, maana ilinitia hasara kubwa kuliko koti.

Mwaka 2018 nilikuwa nimechacha vibaya. Nikaenda kukopa shilingi 200,000 kwenye kikoba chetu, marejesho miezi mitatu, nikapata miche 60 ya waridi kwenye viriba. Hesabu yangu ilikuwa bomba: watu wanajenga kila kona ya Mbalizi, na nyumba mpya bila maua mlangoni ni kama bwana harusi bila viatu. Nikiuza mche shilingi 5,000 napata laki tatu. Nani angenishika?

Niliinunua mwezi wa tano. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipolala. Huku kwetu mvua zinaanza kwenye Novemba hadi Desemba na kukatika kama Aprili au Mei, kisha inakuja kiangazi iliyochanganyika na kipupwe. Mche unaotiwa ardhini mwezi wa kwanza unapata miezi minne ya kushusha mizizi kabla baridi haijaanza kuuma. Wangu ulikuwa bado mtoto mchanga, tena kwenye kiriba, ambako baridi inauzunguka pande zote.

Kosa la pili lilikuwa tamaa. Nikaimwagia mbolea ya yurea ili ikue haraka nilipe deni. Ikakua kweli! Machipukizi mekundu, laini, yanang'aa, nikawa napita na washikaji kuwaonyesha utajiri wangu. Sikujua kwamba chipukizi laini ndicho chakula cha kwanza cha baridi. Na jioni, nikitoka kijiweni, nilikuwa naimwagilia majani na yote, halafu naifunika kwa nailoni iliyolala juu ya majani. Nilijiona mtaalamu.

Chumba nilichopanga kiko bondeni, karibu na mto. Usiku wa Julai hapa hauna mawingu, kwa hiyo joto lote la mchana linapaa juu, na hewa nzito ya baridi inateremka kutoka kwenye milima, maana Mlima Mbeya pale nyuma una zaidi ya meta 2,800. Ikishateremka inatuama mabondeni kama maji. Sakitu yenyewe, ile inayofanya majani yaamke meupe kama yamenyunyiziwa chumvi, tumezoea kusikia ni mambo ya Kitulo na Umalila. Lakini asubuhi moja nilikuta matone yameganda juu ya nailoni yangu. Nilipoifunua, bwana wee, miche 41 ilikuwa na vichwa vyeusi kama imepigwa pasi ya mkaa.

Nilikaa chini pale pale. Kikao cha kikoba kilikuwa Jumamosi ya pili yake.

Kwa hasira nikaanza kuing'oa na kuitupa jalalani. Nilikuwa nimefikisha miche 17 alipotokea bibi mmoja Mmalila anayeuza viazi jirani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona unatupa watoto wazima?"

"Wameshakufa hawa, bibi."

Hakunijibu. Akashika mche mmoja, akakwangua gome kwa ukucha karibu na udongo. Ndani, kijani kibichi! Akakwangua mwingine: kijani. "Kimekufa kichwa, mjukuu wangu. Roho iko chini." Nikakimbilia jalalani, lakini ile 17 jogoo na jua la mchana walikuwa wameshaimaliza mizizi.

Bibi akanizuia hata kukata ncha zile nyeusi. Alisema ukikata sasa mche unadhani umeambiwa uchipue, unatoa machipukizi mengine, na baridi bado ipo inasubiri. Acha zikae kama kofia hadi mwisho wa Agosti, ndipo ukate mpaka unapoona kijani.

Akaniuliza pia kama nimeona miche 19 isiyoguswa ilikuwa wapi. Ilikuwa imeegemea ukuta wa jiko, upande unaopigwa na jua la jioni. Tofali linashiba joto mchana na kulirudisha taratibu usiku. Kitu cha bure kabisa, na mimi nilikuwa nimenunua nailoni.

Basi tukahamisha yote ukutani. Viriba tukavibananisha vizuri, mapengo tukajaza pumba za mpunga, juu ya udongo tukatandaza majani makavu unene wa kiganja, ila tukayaacha mbali kidogo na shina lisioze. Jioni tulifunika kwa matenga ya nyanya niliyookota sokoni, juu ya tenga kiroba, ili kitu kisiguse majani. Saa mbili asubuhi tunafunua, maana mche uliofungiwa mchana kutwa unaota ukungu. Maji niliyahamishia asubuhi jua likishapanda, udongoni tu, kidogo kidogo. Msije mkadhani baridi ndiyo adui peke yake: upepo mkavu wa Julai na Agosti unakausha mche huku wewe umevaa sweta ukidhani hauna kiu. Mbolea marufuku hadi joto lirudi.

Jumamosi ikafika na maua hayajawa mshiko. Nikauza sabufa yangu, ile iliyokuwa inatetemesha mtaa mzima. Majirani walifurahi kuliko walivyonionea huruma. Nikalipa sehemu, iliyobaki nikaombea muda, na mweka hazina wetu alinitazama kwa jicho ambalo nikilikumbuka hata leo nafunga vifungo vya shati.

Septemba, kati ya ile 24 iliyobaki na vichwa vyeusi, 16 ikachipua kutoka chini. Jumla nikawa na miche 35. Desemba mvua ziliposhika nikauza 30, nikapata 150,000, nikamaliza deni. Sabufa haikurudi.

Mitano iliyobaki niliipanda mlangoni. Bibi akipita na kapu lake la viazi hunikwangulia mmoja kwa ukucha, halafu anaendelea na safari bila kusema neno.

Tukutane wiki ijayo. Na wewe mshikaji wa Dar, kama unasoma hapa, koti langu nalitaka kabla ya Juni.