Jando la Masasi na Maana ya Saburi

Wako Wakristo wadhanio kwamba saburi ni kukaa mbali. Kwao, mwaminifu katika nyakati ngumu ni yule aliyefunga mlango, akaziba masikio asisikie ngoma ya jirani, akangoja dhiki ipite. Dhana hii husifiwa sana, nayo ni kosa. Historia ya Masasi, kusini mwa Tanzania, yatosha kuikanusha.

Kanisa la Masasi lilianza mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakafanya maskani huko. Halikuona raha. Mwaka 1882 Wangoni walikishambulia kijiji, wakaua na kuteka. Mwaka 1905 misheni iliharibiwa katika Vita vya Maji Maji. Vita Kuu vya 1914 vilipozuka, wamisionari Waingereza walitiwa kizuizini na Wajerumani, na mzigo wa Kanisa ukabaki mabegani mwa mapadre na walimu Waafrika. Kama saburi ingalikuwa ni kustahimili mapigo tu, watu hao wangalikuwa wamekwisha kulipa deni lao.

Lakini lilikuwako jaribu jingine, lisilokuja na moto wala mkuki. Jando lilipoingia, kijana Mkristo wa Kiyao au wa Kimakua aliona njia mbili: kwenda porini akahesabiwa mwasi na Kanisa, au kukataa akahesabiwa mtoto na wenzake hata aote mvi. Kupiga marufuku kulikuwa rahisi kwa mgeni asiye na mwana wa kutahiriwa.

Masasi ilichagua njia ya tatu. Vincent Lucas, Askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, alilikubali jando liwe la Kikristo. Tohara ilibaki, na mafunzo ya adabu yalibaki; sala ziliingia, na yaliyopingana na imani yakaondolewa. Wala haikuwa kazi ya askofu peke yake. Bila ya mapadre na walimu wenyeji, walioyajua mambo ya jando kwa ndani, asingalijua lipi la kushika na lipi la kuacha.

Wapinzani husema kwamba huko ni kuiuza imani. Wanastahili jibu, maana kuchuja kwaweza kukosea. Jaribio kama hilo katika unyago wa wasichana halikufaulu kama jando, wala si ajabu: mambo ya wanawake hayachujwi vema kwa mikono ya wanaume. Lakini kosa la mchujaji lataka uchujaji bora, si kutupa chujio.

Wahenga walinena kuwa mwacha mila ni mtumwa. Waasisi wa Masasi walikuwa wamenyang'anywa mila zao pamoja na uhuru wao. Hawakuhitaji kufundishwa maana ya neno hilo. Akaaye mbali na watu wake haiweki imani safi, bali huinyima kazi. Saburi ni kubaki kati ya watu, kila msimu, na kuendelea kuchagua.